Sura ya Sita: Unamwandikia Nani?

Nyakisasa, wilayani Ngara, hapakosi wasemaji. Nenda msibani jioni, watu wakiwa wameshazika na moto umekokwa uani, umsikilize mzee anavyomsimulia marehemu: alivyofika kijijini akiwa kijana asiye na kitu, alivyopewa kishamba cha bondeni ambacho wenzake walikikataa, alivyogombana na shemeji yake kwa sababu ya mche mmoja wa mgomba, na walivyopatana. Mzee hana mpango alioandaa. Anaanza popote, akikumbuka jambo anarudi nyuma, lisilofaa analiruka, na kila aliyepo anamfuata. Mwombe mzee huyo huyo, au mwanawe aliyemaliza kidato cha nne, aandike historia ya marehemu ukurasa mmoja ili isomwe kesho kanisani. Ataandika mwaka wa kuzaliwa. Ataandika shule aliyosoma, mwaka aliofunga ndoa, idadi ya watoto na wajukuu. Hapo kalamu inagoma. Mtu aliyekuwa hai katika maneno ya jana usiku hayumo kwenye karatasi.

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno wilayani Ngara hata siamini tena maelezo ya kawaida tunayopewa, kwamba anayekwama hana kipaji, au hasomi vitabu, au ni mvivu. Maneno alikuwa nayo jana. Kumbukumbu anayo hata sasa. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa upande wa pili. Msibani alizungumza na watu wanaotaka kujua. Mezani anazungumza na mtu anayetaka kumkosoa. Sura hii yote inasimama juu ya wazo hilo moja: kalamu hukwama pale mwandishi anapompoteza msikilizaji na nafasi yake ikachukuliwa na msahihishaji. Zipo sababu nyingine, nami nitazigusa, lakini ukizichunguza kwa karibu utakuta nyingi zinarudi pale pale.

Msahihishaji huyu tunamjua sote. Tulikutana naye darasani. Mtoto wa Nyakisasa anaanza kusema kwa Kishubi, jirani yake kwa Kihangaza, na wote wawili wanapoingia shule ya msingi wanakuta kwamba lugha ya kuandikia ni Kiswahili. Wanajifunza vizuri, maana Kiswahili wanakisikia sokoni, redioni na kanisani. Wakifika sekondari wanakuta tena kwamba lugha ya masomo ni Kiingereza, na shule nyingi hutoa adhabu kwa anayeteleza akazungumza lugha nyingine. Kwa hiyo kabla kijana hajafikisha miaka kumi na minane, ameshaambiwa mara mbili kwamba lugha aliyoizoea siyo ya karatasi. Ongeza insha yenyewe: utangulizi, kiini, hitimisho, methali ya kufungia, idadi ya maneno. Ongeza kalamu nyekundu. Na tangu mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba umetegemea kwa kiasi kikubwa kushedi herufi ya jibu sahihi kwenye fomu inayosomwa na mashine, hivyo mtoto anaweza kufika mwisho wa elimu ya msingi bila kulazimika kuandika habari ndefu ya kwake mwenyewe kwa ajili ya mtu yeyote. Siwalaumu walimu. Darasa likiwa na watoto themanini, mwalimu hawezi kuwa msikilizaji wa kila mmoja. Lakini tusishangae mtu mzima akishika kalamu na mwili wake ukakumbuka chumba cha mtihani.

Mwaka 1947 Edmund Bergler, mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi aliyetoka Austria na kuhamia New York, ndiye aliyelipa tatizo hili jina linalotumika hadi leo kwa Kiingereza. Maelezo yake yalikuwa ya ajabu: alidai kwamba mwandishi aliyekwama ana kinyongo cha utotoni dhidi ya mama aliyemnyima maziwa. Nadharia hiyo haitusaidii, na ninaitaja kwa sababu tu ilifanya watu kwa miaka mingi waone kukwama kama ugonjwa wa ndani kabisa wa nafsi, usiotibika bila mganga wa pekee. Aliyetufaa zaidi ni Mike Rose, mwalimu wa uandishi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika utafiti alioutoa mwaka 1980 alizungumza na wanafunzi 10, watano wakiwa wale wanaokwama na watano wasiokwama. Uwezo wao haukutofautiana sana. Waliokwama walikuwa wamebeba sheria ngumu na kuzichukua kama amri: aya ya kwanza lazima imkamate msomaji papo hapo, lazima mpango wote ukamilike kabla ya kuandika, sarufi isahihishwe sentensi kwa sentensi. Mmoja aliandika na kufuta mwanzo wake kwa saa nyingi asisonge mbele. Wasiokwama nao walikuwa na sheria, ila walizishika kwa mkono mlegevu: sheria ikikataa kufanya kazi, waliiacha wakajaribu njia nyingine.

Ukimsoma Rose ukiwa Ngara unamwona kijana wa historia ya marehemu. Yeye pia anatii amri. Amri yake ni kwamba maandishi yaanze na mwaka wa kuzaliwa na yafuate miaka hadi kifo. Mwambie aanze na ule ugomvi wa mche wa mgomba, utaona mkono unavyofunguka.

Sasa nataka nikae kidogo kwa mtu mmoja wa kanda hii ya Ziwa, kwa sababu maisha yake yananifundisha kuliko tafiti zote. Aniceti Kitereza alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1896, na akiwa kijana alivuka ziwa kuja Kagera kusoma seminari ya Rubya, ambayo leo iko wilayani Muleba. Huko alisoma Kilatini na Kijerumani na mengine waliyosoma waseminari wa zama zile. Upadri hakuufikia. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi za ukarani na za kutafsiri kwa ajili ya misheni. Yeye na mkewe Anna walipata watoto, na watoto wao walikufa wakiwa wadogo. Kisha, akitiwa moyo na padri Almas Simard wa Wamisionari wa Afrika, akaandika kwa Kikerewe habari za mume na mke wanaotafuta mtoto: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliikamilisha mwaka 1945. Ni kazi ndefu, yenye kilimo ndani yake, uvuvi, dawa, mahari, vikao vya pombe, salamu za wakwe, mazishi.

Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kukwama. Alikuwa mbali na mji wowote wenye kiwanda cha uchapishaji. Lugha yake haikuwa na soko la vitabu. Hakuwa na mfano wa riwaya ya Kikerewe wa kuufuata, kwa kuwa haikuwepo. Jambo alilolichagua lilikuwa jeraha lake mwenyewe. Hata hivyo aliandika mamia ya kurasa. Ninaamini aliweza kwa sababu alijua anazungumza na nani. Alitaka vijana wa Ukerewe wajue jinsi wazee wao walivyoishi na walivyosema, kabla mambo hayo hayajasahaulika. Anayewaeleza vijana wa kwao namna mkwe anavyopokewa hajiulizi kama aya yake ya kwanza imemkamata msomaji. Anaeleza tu, kwa utaratibu, bila kuruka hatua, maana wasipoelewa hawataweza kupokea wakwe.

Kitabu hakikupata mchapishaji. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe, wakaiona kazi ile, na Kitereza, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, akaifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980, miaka 35 tangu kuandikwa. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki bila kukishika kitabu chake kilichochapwa. Kila nikifikia hapa naumia. Lakini ninaowafundisha kuandika huwaomba waone mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ukimya wa kitabu na ukimya wa mwandishi. Kitereza hakukwama hata siku moja katika maana tunayoizungumzia. Nchi ndiyo iliyokwama. Vivyo hivyo unapoona kwamba Adam Shafi wa Zanzibar alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, Kuli mwaka 1979, halafu Vuta N'kuvute mwaka 1999, usikimbilie kusema kalamu yake ilikauka miaka ishirini. Ile ilikuwa miaka ya uhaba wa karatasi na ya kudhoofika kwa wachapishaji wa umma. Vuta N'kuvute ilitolewa na Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kutoka Tanzania Publishing House. Kwa hiyo ukiwa umekaa na mswada usio na pa kwenda, jiulize kwa haki: je, nimekwama kuandika, au nimechoka kungoja? Dawa zake si moja. Aliyechoka kungoja anahitaji mchapishaji, tuzo ya kupeleka kazi, kikundi cha kusomeana. Siku hizi zipo Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tarehe ya mwisho ya kupokea miswada imewahi kumwamsha mtu kuliko ushauri wangu wowote.

Somo jingine la Kitereza ni la lugha, nami naliweka mbele kwa wenyeji wa Nyakisasa kuliko la kwanza. Aliandika kwanza katika lugha iliyomjia, akahamisha baadaye. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunafikiri kwa Kishubi, tunajilazimisha kuandika Kiswahili cha redio, na katikati ya njia maneno yanamwagika. Mama anayejua majina ya aina zote za maharage anazopanda, na ipi huiva mapema na ipi hustahimili mvua nyingi, akiandika kwa Kiswahili anaandika "maharage" basi, na aya yake inakufa. Andika jina unalolijua. Andika sentensi nzima ya Kishubi katikati ya Kiswahili ikiwa ndiyo iliyokujia. Rasimu ya kwanza haisomwi na Baraza la Kiswahili. Siku ya kuisafisha itafika, na siku hiyo utaamua lipi libaki na lipi lielezwe.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipitia mlango huo kwa njia kali zaidi. Alikuwa tayari mwandishi mwenye jina kwa Kiingereza alipokamatwa mwisho wa mwaka 1977, baada ya tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Akiwa gereza la Kamiti aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigikuyu, juu ya karatasi za chooni. Kitabu kilipotoka mwaka 1980 watu walikisoma kwa sauti majumbani na vilabuni, msomaji mmoja akizungukwa na wasikilizaji. Miaka kadhaa kabla yake, kati ya 1969 na 1972, Abdilatif Abdalla wa Mombasa naye alifungwa kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani, nayo kwenye karatasi za chooni. Siwatumii watu hawa kumwaibisha mtu anayeshindwa kuandika akiwa na meza na taa. Gereza halimsaidii mwandishi, na waliovunjwa nalo hatuna vitabu vyao. Ninachokiona kwao ni kwamba sauti ya msikilizaji wao haikunyamaza hata kuta zilipowekwa kati yao.

Kinyume cha hao ni Ralph Ellison wa Marekani. Riwaya yake Invisible Man ilitoka mwaka 1952, ikapata tuzo kubwa ya taifa mwaka uliofuata, na tangu hapo nchi nzima ikasubiri ya pili. Aliifanyia kazi hadi alipofariki mwaka 1994, na hakuikamilisha. Hakukosa maneno: aliacha maelfu ya kurasa, na wahariri walipozikusanya mwaka 2010 zilitoa kitabu cha zaidi ya kurasa 1,000. Mtu anayeandika kurasa elfu na bado haoni kwamba amemaliza, nadhani, ameketi mbele ya wasahihishaji wengi kupita kiasi. Sifa nazo huzaa msahihishaji. Kwetu hili hutokea kwa kipimo kidogo: kijana ambaye shairi lake lilisomwa redioni na kusifiwa, akakaa mwaka mzima bila kuandika la pili.

Kuna hofu moja ambayo vitabu vya ughaibuni havielezi vya kutosha, nayo kijijini ndiyo kubwa. Ni hofu ya jamaa. Nyakisasa kila mtu anamjua kila mtu. Ukiandika habari ya mke aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa mume, hata ukibadili majina, watu watahesabu migomba na kusema ni fulani. Mwandishi analijua hilo kabla hajaandika neno, na anachokiita kukosa mawazo ni busara yake inayomzuia asimdhuru mtu au asidhurike. Hofu hii nisingependa kuidharau. Wapo waliopigwa kwa maneno waliyosema. Wapo waandishi wakubwa waliokumbana na hasira za wakubwa: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda isitumike shuleni kwa jinsi ilivyozungumzia maisha ya msichana na watu waliomharibia. Kezilahabi aliendelea: Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka uliofuata, na nyingine baadaye.

Ninachowashauri wenye hofu hii ni kutenganisha kuandika na kutoa. Ni kazi mbili, na zisifanyike siku moja wala kwa moyo mmoja. Andika kwanza kwa majina ya kweli, matusi ya kweli, shamba la kweli, ukijua kwamba daftari halitoki ndani. Ukimaliza, ndipo ukae kama mtu mzima mwenye wajibu kwa jirani zake na uamue: ni lipi la kuhamishia kijiji kingine, mwaka mwingine, mtu mwingine, lipi la kusubiri hadi wahusika waondoke duniani, na lipi halitoki kamwe. Wanaoanza na uamuzi wa pili hawafiki popote, maana wanajaribu kumficha mtu ambaye bado hawajamwandika.

Lipo jambo zito kuliko hofu ya jamaa, na Ngara inalibeba. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache tu. Mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kuzipeleka ziwani. Kabla ya hapo na baada yake walikuja Warundi, na kambi ya Lukole ikajaa. Wenyeji walioona kwa macho yao, waliogawana maji ya chemchemi na wageni, walioona miti ya vilima ikikatwa ikaisha, waliofanya kazi kambini na waliopoteza mifugo, wengi bado wapo. Wanasimulia. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilikua katikati ya masimulizi hayo. Lakini vitabu kuhusu mwaka 1994 vilivyoandikwa na watu wa Ngara wenyewe ni vichache mno ukilinganisha na rafu za taarifa za wageni.

Nimekaa na watu waliojaribu. Wanaandika "Mwaka 1994" na mkono unasimama. Hapa sitaki kusema ni msahihishaji peke yake. Kuna mambo ambayo akili huyazungushia uzio ili mtu aendelee kuishi, na ukiuvunja kwa papara unaumia. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walitoa mwaka 1986 matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Katika miezi iliyofuata, walioandika kwa kina, tukio pamoja na hisia zake, walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nayataja matokeo yote mawili, la kuumia na la kupona, kwa sababu anayeanza kazi hii anastahili kuyajua yote. Asiandike peke yake usiku wa manane. Awe na mtu wa kwenda kwake baadaye. Na asianze na daraja wala mto. Aanze na kitu kidogo kilichokuwa mikononi mwake: sufuria waliyoazima wageni, bei ya chumvi wiki ile, mtoto aliyelala jikoni kwao na jina aliloitwa. Mzigo mkubwa huletwa na kitu kidogo, kwa wakati wake. Na ikiwa kila siku mtu hapati usingizi, chakula hakimpiti, hana hamu na lolote, basi tatizo lake si la kalamu. Aende hospitali, aeleze hali yake, na daftari lisubiri.

Tumefika kwenye muda, ambao wengi huutaja kwanza. Shaaban Robert alikuwa karani katika ofisi za serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, na vitabu vyake, zaidi ya ishirini, aliviandika pembeni ya kazi hiyo. Mkulima wa Nyakisasa ana kazi ngumu kuliko ya karani. Mvua za vuli zikianza, hakuna wa kukaa na daftari wakati maharage yanahitaji jembe. Na mwanamke akitoka shambani bado ana maji, kuni na jiko. Ningemwambia mama wa namna hiyo "amka saa kumi uandike" ningekuwa mkatili. Lakini zipo dakika kumi, na utafiti unasema dakika chache za kila siku hushinda siku nzima inayongojewa. Robert Boice, mwanasaikolojia aliyewasaidia walimu wa vyuo vikuu waliokwama, aliwagawa walimu 27 katika makundi matatu. Kundi moja lilizuiwa lisiandike isipokuwa kwa dharura. La pili liliandika lilipojisikia. La tatu lilifungwa na ratiba, na asiyeandika alilazimika kutoa fedha kwa taasisi anayoichukia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1983 yalikuwa wazi: kundi la ratiba liliandika zaidi ya mara tatu ya waliongojea kujisikia. Lililowashangaza wengi ni kwamba mawazo mapya nayo yaliwajia hao wa ratiba kwa wingi zaidi, takriban mara mbili. Kumbe wazo huja likimkuta mtu kazini.

Ratiba ya kijijini isifuate saa. Ifuate kazi iliyopo tayari. Baada ya kukama. Wakati maharage yanachemka, maana hayaharakishwi. Kabla simu haijaisha chaji. Nami hushauri watu waache kuandika wakiwa bado wanajua sentensi inayofuata, desturi ambayo Ernest Hemingway aliishikilia. Ukirudi kesho hukuti ukurasa mtupu, unakuta jambo ulilolikatiza.

Simu nayo ni msaada ambao kizazi cha Kitereza hakikuwa nao. Watu wa hapa wanatumiana sauti ndefu kwenye WhatsApp, dakika tano, dakika saba, na hakuna anayekwama. Basi chagua mtu mmoja, dada yako aliyeolewa Biharamulo, rafiki uliyesoma naye Rulenge, mtu anayependa kusikia habari zako, na umwambie kwa sauti kile unachotaka kuandika. Mtumie kweli; usijirekodi ukiwa peke yako mbele ya ukuta, maana ukuta hauulizi "ehe, ikawaje?" Kisha sikiliza ulichosema na ukinakili. Utaona umeanza katikati, umeruka utangulizi, umetumia maneno yako. Rasimu imepatikana. Atakayeisahihisha aje baadaye, naye anahitajika sana, sitaki nieleweke vibaya: kazi isiyosahihishwa ni dharau kwa msomaji. Ila aje akiwa na kitu cha kusahihisha.

Na baada ya kufanya haya yote bado kuna siku kalamu itasimama, na huenda ina haki ya kusimama. Mtu ananiambia amekwama katika sura ya watawala wa Bushubi au ya Bugufi. Ukimuuliza maswali mawili unagundua hajui nani alimfuata nani, walikaa kilima gani, wala walikula nini. Hapo kukwama kunamwambia kweli. Hajanyimwa maneno, amekosa habari, na pa kuzitafuta papo. Wapo wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa na babu zao. Wamisionari wa Afrika walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni, wakitaja mvua, njaa, wageni na magonjwa. Biharamulo liko boma la Wajerumani, na mtu anayeandika habari za kodi ya kichwa afike aone kuta zilivyojengwa. Nenda na maswali matano kwenye karatasi, si zaidi, na la kwanza liwe rahisi kiasi kwamba mzee atalijibu akicheka. Usimkatize akiacha njia, kwa sababu huko anakopotelea ndiko kuliko na jina la mtu usiyemjua, na huyo ndiye wa kumuulizia nyumba inayofuata.